Alama Mbili za Kuuliza

Juni 2025, kwenye kundi letu la WhatsApp la watengeneza tovuti, mtu alituma habari kwamba Vite toleo la 7 limetoka. Ndani ya dakika chache ukurasa ulijaa vikatuni vya moto, ngumi na roketi. Kwa asiyeijua, Vite ni zana ya kufungashia msimbo. Wewe unaandika mafaili yako kwa mtindo unaoupenda, yenyewe inayakusanya, inayabana na kuyageuza yawe kitu ambacho kivinjari cha mtumiaji kinaweza kukisoma. Katika orodha ya mabadiliko kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeujadili: kuanzia toleo hilo, usipogusa mipangilio, msimbo wako unafungashwa kwa ajili ya Chrome 107 kwenda juu. Kabla ya hapo ilikuwa Chrome 87.

Mmoja wetu aliandika, "Safi sana, tunatua mizigo ya kale." Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jibu lenyewe ni hili.

Mimi kwetu ni Miono. Ukitoka Chalinze kuelekea Segera, unaiacha barabara kuu pale Mandera na kushika njia ya mashariki inayokwenda mpaka Saadani, baharini. Miono iko njiani. Watu wanalima ufuta na mahindi, wanafuga, wanafanya biashara ndogondogo. Na wana simu. Nasema hivi kwa sababu nimeshasikia mara nyingi kwenye vikao vya mradi mtu akisema "vijijini hawana simu janja", akaiondoa nusu ya nchi kwa sentensi moja, tukaendelea kuchagua rangi.

Simu wanazo, ila Miono simu hainunuliwi sana mpya. Inashuka. Kijana wa mjini akinunua nyingine, ya zamani inakwenda kwa dada, kutoka kwa dada inakwenda kwa mama, kutoka kwa mama inaishia mikononi mwa mtoto aliyemaliza shule. Simu ninayoizungumzia hapa niliinunua mimi mwenyewe Kariakoo mwaka 2019, nikiwa bado nasoma. Android 8.1, ile nyepesi ya Go, RAM ya GB 1, hifadhi ya GB 8. Nilijifunzia HTML kwenye simu hiyo. Nilipopata kazi nikampa dada yangu, na kioo chake kina ufa ninaoukumbuka ulivyotokea.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari 2024, binti wa dada yangu aliyaona kwenye simu hiyo, amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Kurasa za matokeo za NECTA mnazijua. Orodha ya shule, unagusa shule yako, jedwali linashuka: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, masomo. Hakuna picha inayoteleza wala kiduara kinachozunguka. Sisi wabunifu tunazicheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuzionesha kwenye mafunzo ya vijana kama mfano wa tovuti iliyosahauliwa na wakati, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Siku ya matokeo kurasa hizo hufunguka kwenye simu yenye ufa, kwenye Chrome ya zamani, kwenye Opera Mini, kwenye chochote. Binti alipata daraja la tatu. Akapiga kelele, mama yake akatoka na mwiko mkononi.

Alitaka kusomea utalii. Kwa mtoto wa Miono si ndoto ya ajabu: hifadhi ya Saadani iko upande huohuo wa barabara, magari ya watalii anayaona yakipita. Akachagua chuo kimoja binafsi, ambacho sitakitaja, kwa sababu kosa lililofuata halikuwa la chuo. Tovuti ya chuo hicho niliitengeneza mimi. Niliionea fahari. Fomu ya kujiunga ilikuwa na hatua tano, kila hatua ikiingia kwa kuteleza kutoka kulia, juu kuna mstari wa kijani unaojaa kadiri unavyosonga. Chini ya kila hatua kuna kitufe kimeandikwa "Endelea".

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, ile fomu ya chuo haikubali. Nabonyeza Endelea, imenyamaza tu."

"Itakuwa mtandao wa huko. Jaribu usiku, watu wakishalala."

Nilimjibu nikiwa kwenye kiti changu Sinza, na kompyuta imefunguka mbele yangu, na sikufanya hata jambo la sekunde kumi la kumuuliza anatumia simu ipi. Alijaribu usiku. Akanunua bando la mia tano, akajaribu tena alfajiri. Akanunua jingine, akapanda kilimani mahali ambapo mawimbi ni mazuri. La tatu likaisha akiwa bado kwenye hatua ya kwanza. Mwishowe mama yake akampa nauli, akaenda kwa bodaboda mpaka barabara kuu, kisha gari mpaka Chalinze, kwenye steshenari. Mnazijua steshenari zetu: mashine ya fotokopi, kompyuta moja, kijana anayejaza fomu za nchi nzima kwa malipo. Yule kijana akafungua ukurasa, kitufe kikafanya kazi mara ya kwanza, na ukurasa ukamwambia kwamba dirisha la maombi lilikuwa limefungwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mwaka ukaenda hivyo. Alisaidia shambani, akakaanga maandazi asubuhi. Hakunilaumu. Alimwambia mama yake kwamba labda alikosea kujaza.

Niliujua ukweli Desemba 2024, nilipokwenda nyumbani likizo, tena kwa bahati. Niliiona simu yangu ya zamani mezani, nikafungua tovuti ya chuo ili kumwonesha dada kazi yangu. Nikabonyeza Endelea. Kimya. Nikaichomeka kwenye kompyuta kwa waya, nikafungua dirisha la makosa la kivinjari, na pale palikuwa na mstari mmoja mwekundu: kosa la sarufi, alama ya kuuliza isiyotarajiwa.

Nieleze kidogo, maana uovu wote uko hapo. Katika JavaScript kuna alama mbili za kuuliza zinazoandikwa zikifuatana. Maana yake ni "kama hiki hakipo, tumia kile". Ziliingia rasmi kwenye lugha hiyo mwaka 2020, na Chrome ilianza kuzielewa kwenye toleo la 80, Februari mwaka huo. Chrome ya kwenye simu ile ilikuwa ileile iliyokuja nayo 2019. Haikusasishwa kwa sababu hifadhi ilijaa video za harusi na kaswida, na kila mara ilipotaka kujisasisha simu iliandika kwamba nafasi haitoshi. Sasa JavaScript ina tabia moja: ikikutana na alama isiyoijua, hairuki mstari huo na kuendelea na mwingine. Inalikataa faili zima. Fomu yangu ya hatua tano, mstari wa kijani, kazi ya kitufe, vyote vilikuwa ndani ya faili hilo. Kitufe chenyewe hakikuwa kitufe halisi cha kutuma fomu; kilikuwa kisanduku nilichokipaka rangi kifanane na kitufe, kikisubiri JavaScript ikipe uhai.

Alama hizo mbili niliziandika mahali pamoja tu mle. Ningeweza kuandika jambo hilohilo kwa njia ya zamani, kwa herufi zisizofika ishirini zaidi.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonitia hasira ninayoandikia. Nilifungua takwimu za tovuti, nione ni wangapi wengine waliokwama. Hakukuwa na hata mmoja. Kwa mujibu wa takwimu zangu, watumiaji wa chuo kile karibu wote walikuwa na Chrome mpya. Nilikaa nikiitazama ile chati nzuri ya duara kwa muda mrefu kabla sijaelewa. Programu ya kuhesabu wageni niliifunga ndani ya faili lilelile. Simu iliyolikataa faili ilikataa na kihesabio. Binti alifungua ukurasa ule labda mara thelathini, na kwenye kumbukumbu zangu hajawahi kuwapo.

Ndugu zangu, hoja yenu kubwa ni hii: "Hakuna anayetumia vivinjari vya zamani, angalia takwimu." Takwimu hizo zinahesabu waliopita mlangoni. Mmefunga mlango, mkahesabu waliomo ndani, mkatangaza kwamba nje hakuna watu.

Jambo hili halikuanza Miono. Mwaka 2009 mhandisi wa YouTube, Chris Zacharias, alichukua ukurasa wa kutazamia video, ambao ulikuwa na uzito wa MB 1.2, akaupunguza mpaka KB 98. Alipouachia kwa sehemu ya watumiaji, takwimu zikasema ajabu: wastani wa muda wa kufunguka ulipanda badala ya kushuka. Alikaribia kukata tamaa. Walipoangalia kwa kutumia ramani wakaona sababu: watu wa Asia ya Kusini-mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na Siberia ya mbali walikuwa wameanza kuingia. Ukurasa mpya uliwachukua zaidi ya dakika mbili. Wa zamani ungewachukua dakika ishirini, kwa hiyo hawakuwa wakihangaika nao kabisa. Alikisimulia kisa hiki hadharani mwaka 2012. Kila mwaka kuna kijana wa Dar anayekigundua na kukituma kwenye kundi letu, tunakipigia makofi, na wiki ileile tunaweka video inayojicheza yenyewe kwenye ukurasa wa mbele wa hoteli ya Bagamoyo.

Turudi kwenye habari za zana, kwa sababu humo ndimo neno "wote" linamobadilishwa maana bila sisi kuhisi. Mei 2023 Google ilitangaza alama iitwayo Baseline, ya kumwonesha mtengenezaji kipengele gani cha wavuti ni salama kukitumia. Kipengele kikishafanya kazi kwenye Chrome, Edge, Firefox na Safari, kinaitwa kipya. Ikipita miezi 30 tangu hapo, kinaitwa kinachopatikana kwa upana. Ule mstari wa Vite 7 ulitoka hapo: Chrome 107 ni ya Oktoba 2022, na hesabu imefungwa.

Ni kazi nzuri, na waliobuni alama hiyo hawakutuficha kitu. Wameandika wazi ni vivinjari vipi wanavyovipima. Opera Mini haimo. Kaa kibarazani Miono saa kumi jioni uangalie vioo vya simu, ile O nyekundu utaiona tu. Opera Mini ilitoka kwa dunia nzima Januari 2006, na ubunifu wake ulikuwa wa watu wenye kubana matumizi: katika hali yake ya kubana kabisa, simu haiufungui ukurasa, seva za Opera ndizo zinazoufungua, zinauminya, zinaendesha JavaScript kwa muda mfupi, kisha zinaugandisha na kukutumia kilichobaki. Fonti zako za mapambo haziji. Vitu vinavyoteleza havitelezi. Ukibonyeza kitu kinachohitaji JavaScript, ombi linarudi mpaka kwenye seva. Ukurasa uliojengwa kwa HTML ya kawaida unapita humo kama maji. Fomu yangu ya hatua tano humo ni picha ya fomu.

Na hata Chrome yenyewe inasogea. Toleo la 119 la mwaka 2023 lilikuwa la mwisho kwa Android 7. Tangu Agosti 2025, toleo la 139, Chrome mpya haiingii kwenye Android 8 wala 9. Kwa hiyo anayesema "wasasishe tu vivinjari vyao" aniambie dada yangu, hata akizifuta harusi zote zilizomo kwenye simu yake, atasasisha mpaka wapi.

Najua jibu lenu: usalama. Mko sahihi. Kivinjari cha 2019 kina matundu, na benki inayokikataa ina sababu. Lakini tusijifiche nyuma ya benki. Fomu yangu haikumkataa binti kwa ajili ya usalama wake. Ilimkataa kwa ajili ya mteremko kutoka kulia kwenda kushoto.

Jibu la pili ni mteja: "Mteja anataka kitu cha kisasa." Mteja gani? Mkuu wa chuo hakuwahi kuniambia anataka hatua tano. Alisema anataka wanafunzi. Hatua tano, mstari wa kijani na fonti mbili za kuazima vilikuwa vyangu, kwa sababu nilijua nitaviweka kwenye orodha ya kazi zangu na ninyi mtaviona. Tunatengeneza tovuti za kuoneshana. Hapo ndipo palipooza. Habari za zana tunazisoma kama watu wanavyosoma mitindo ya nguo, na aibu yetu kubwa ni kuonekana tumevaa ya mwaka jana mbele ya mwenzetu wa Nairobi.

Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za bando zilipoanza? Mtandaoni hapakukalika, mpaka serikali ikazisitisha. Nani waliongoza kelele? Sisi. Tulichambua bei ya MB moja kama wahasibu. Halafu tukarudi kazini. Vipimo vya kimataifa vya mwaka 2024 vinasema ukurasa wa mbele wa kawaida kwenye simu una uzito wa takriban MB 2.3. Wa kwangu ulikuwa MB 1.8 na niliuona mwepesi. Gharama hiyo hailipwi na mteja wala na mimi. Inalipwa mia tano kwa mia tano na mtu aliyepanda kilima.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Dar nzima ilionja. Kundi letu lilikuwa msiba. Kazi hazifunguki, picha hazishuki, watu wanaandika "haya si maisha". Siku chache zile nilifungua tovuti yangu ya chuo nikaona kisanduku cheupe kwa dakika nzima. Nilikasirikia nyaya. Haikunipitia akilini kwamba kuna watu ambao hiyo ni Jumapili ya kawaida, na kwamba wakati huohuo kuna mtu wa damu yangu anakusanya vyeti vyake ili aje kujaza fomu hiyo.

Kuna anayedhani nataka turudi kwenye kurasa za 1995. Sitaki, ingawa inafaa kukumbuka kwamba fomu ya HTML iliandikwa kwenye kanuni rasmi mwaka huo, na fomu iliyoandikwa kwa kanuni zile bado inatuma majibu leo kwenye kila kivinjari nilichowahi kukishika. Tumia vitu vipya. Weka mteremko kwa mwenye simu ya kuutelezesha. Ila kitufe kiwe kitufe, fomu iwe fomu, na JavaScript ije baadaye kama kachumbari. Vite yenyewe ina kiongezi cha vivinjari vya zamani, na lengo la kufungashia msimbo ni mstari mmoja kwenye mipangilio. Mstari huo sikuwahi kuugusa. Niliuacha uamuliwe na watu ambao hawajawahi kuisikia Miono, nao hawana kosa, maana hawakuajiriwa na chuo kile.

Januari 2025 niliivunja fomu nikaijenga upya. Ukurasa una KB 60. Hatua tano zimekuwa mbili. Mkuu wa chuo aliifungua kwenye simu yake ya bei mbaya, akasema imekuwa kama ya zamani. Nikamwomba anivumilie msimu mmoja. Wenzangu wawili kwenye kundi waliniuliza kama nimeacha kazi ile wamepewa wanafunzi wa mazoezi.

Binti nilimwambia siku ya Idi Kubwa, kabla ya habari ya Vite kutoka. Tulikuwa tumebaki wawili uani, anaosha masufuria. Nilimweleza habari ya alama mbili za kuuliza, nikachora mchangani kwa kijiti.

"Kwa hiyo haukuwa mtandao?"

"Haukuwa mtandao."

"Na hiyo tovuti umeitengeneza wewe, mjomba?"

"Mimi."

Akasuuza sufuria moja, akaigeuza juani, akachukua nyingine. Kisha akasema zile mia tano tatu alikopa kwa bibi, na bibi bado anazikumbuka. Nikamrushia kwa simu palepale. Ya nauli ya Chalinze hakuidai.

Julai alijaza tena, kwenye simu ileile. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili ikakwama kwenye kupakia picha ya cheti: kamera inatoa picha kubwa kuliko mawimbi ya kilimani yanavyoweza kuibeba, na mimi nilikuwa nimeijaribu nikiwa Sinza. Safari hii alinipigia, na mimi nikamuuliza kwanza anaona nini kwenye kioo. Cheti alinitumia kwa WhatsApp, nikakipakia mwenyewe. Wengine waliokwama hapo hawana namba yangu. Sehemu hiyo ndiyo ninayoishughulikia wiki hii.